Ngazi ya Maji ya Fonserannes

Kusini mwa Ufaransa, mwendo mfupi kutoka Bahari ya Mediteranea, pana mji wa kale uitwao Béziers, uliojengwa juu ya kilima kiuangaliacho mto Orb. Na ng'ambo ya pili ya mto huo, katika mteremko wa Fonserannes, yako malango ya maji ambayo tangu karne ya 17 yamekuwa yakipandisha vyombo na kuviteremsha kama watu wapandavyo na kushuka ngazi ya ghorofa. Vyumba vinane vya mawe, kila kimoja chenye umbo la yai, vimeshikana kimoja chini ya kingine, na baina yao na kwenye ncha zao imesimama milango tisa. Urefu wa kazi yote ni kiasi cha mita 300, na kimo kinachopandwa kutoka chini hata juu ni mita 21 na nusu. Malango mengine ya mfereji wa mahali hapa, uitwao leo Canal du Midi, yametawanyika njiani, moja hapa na mawili kule, lakini hapa yamejikusanya yote pamoja, hata mgeni asiyejua habari za maji hana budi kuuliza ni sababu gani iliyoyaleta mahali pamoja.

Jawabu ni la hisabu. Kimo cha nchi ni deni ambalo kila mchimba mfereji hana budi alilipe: aweza kulilipa kidogo kidogo katika safari yake, kwa lango moja baada ya jingine, au aweza kuliahirisha, akaenda sawasawa kwa siku nyingi pasipo kushuka hata shibiri, hata deni likakusanyika na kumsubiri mahali pamoja. Fonserannes ndipo lilipokusanyika. Na kwa kuwa wahenga wamekwisha kusema kuwa dawa ya deni ni kulipa, taarikhi ya ngazi hii si ya mawe na maji tu, bali ni taarikhi ya madeni na walipaji wake, ambao aghalabu hawakuwa wale walioyakopa.

Wafalme wa Ufaransa walikuwa wameutamani mfereji wa kuunganisha bahari zao mbili zamani kabla ya kuzaliwa yule aliyekuja kuuchimba. Chombo kilichopakia shehena katika bandari ya Bordeaux, kikikusudia miji ya Ufaransa iliyoko Bahari ya Mediteranea, hakikuwa na njia ila kuizunguka nchi yote ya Ureno na Uhispania na kupenya mlango wa Gibraltar, safari ya kiasi cha kilomita 3,000, yenye tufani mwanzoni, maharamia mwishoni, na mfalme wa Uhispania katikati akidai ushuru wake. Habari hii ilizungumzwa mapema katika karne ya 16, wakati wa Mfalme François wa Kwanza, aliyemwalika Leonardo da Vinci kuja kukaa katika nchi yake. Ikazungumzwa tena katika enzi zilizofuata. Na kila mara ilikwama katika jambo moja. Baina ya bahari zile mbili iko nchi ya juu, na mfereji unaopita nchi ya juu hauna budi kulishwa maji pale pale kileleni, kwa kuwa kila chombo kinachopita langoni, kiwe kinapanda au kinashuka, huchukua sehemu ya maji ya juu na kuiacha chini, na maji yakishashuka hayarudi kwa kubembelezwa.

Mtu aliyeitatua mushkili hiyo hakuwa mhandisi. Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, alikuwa tajiri aliyekodi kwa mfalme haki ya kutoza kodi ya chumvi katika jimbo la Languedoc, kazi isiyompatia mtu mapenzi ya watu, lakini iliyomzungusha katika kila bonde la jimbo lile na kumfunza wapi njia hupitika na wapi hazipitiki. Katika safari zake alifahamu kwamba vijito vya Montagne Noire, safu ya milima iliyoko kaskazini mwa njia aliyoifikiria, vingeweza kukusanywa na kuelekezwa hata mahali paitwapo Naurouze, palipo kiasi cha mita 190 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji hugawanyika, mengine yakashika njia ya magharibi na mengine ya mashariki. Hakulijua jambo hili peke yake. Mtu wa mji wa Revel, jina lake Pierre Campmas, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia chemchemi na mifereji ya mji, alimwongoza katika vijito hivyo kimoja kimoja, kwa ilimu ambayo hakuipata vitabuni. Novemba 1662 Riquet alimwandikia Jean-Baptiste Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne, akimweleza shauri lake. Tume ikaundwa kuchungua. Mtaro mdogo wa majaribio ukachimbwa katika 1665, na maji ya mlimani yakafika Naurouze mbele ya macho ya wenye shaka. Oktoba 1666 amri ya mfalme ikatoka, na kazi ikapewa ruhusa.

Jambo la kwanza lilikuwa hazina ya maji. Katika bonde la Saint-Ferréol, tangu 1667, lilijengwa boma la udongo na mawe lenye urefu wa karibu mita 800 na kimo kipitacho mita 30, likazuia maji ya mvua za masika yasipotee bure, ili yatumike wakati wa kiangazi vijito vinapokauka. Kwa zama zile hapakuwa na kazi nyingi za namna hiyo Ulaya zilizoifikia kwa ukubwa. Baadhi ya maji yanayofunguliwa leo katika mlango wa juu wa Fonserannes yametoka huko, yakapita mitaro ya milimani, yakagawanyika Naurouze, yakashuka malango mengi, na kila tone lake lilikwisha kununuliwa kabla halijaonekana na mabaharia.

Hapa yafaa tueleze lango la maji hufanyaje kazi, maana wengi wa pwani yetu wameusikia Mfereji wa Suez, ambao hauna lango hata moja, kwa kuwa nchi yake ni tambarare na bahari zake mbili hazitofautiani sana kwa kimo. Lango ni chumba cha mawe kilicho wazi juu, chenye mlango upande wa maji ya juu na mlango upande wa maji ya chini. Kila mlango una mabawa mawili ya mbao nzito, ambayo yakifungwa hayanyoki sawasawa bali hukutana kwa pembe, na pembe hiyo imeelekezwa upande yatokako maji, hata maji yanapozidi kusukuma ndipo mabawa yanapozidi kubanana. Kwa hikima hiyo adui mwenyewe hufanywa bawabu. Chombo kinachopanda huingia chumbani kwa usawa wa chini, mlango wa nyuma ukafungwa, kisha walinzi wakainua vilango vidogo vilivyomo katika mlango wa mbele. Maji huingia yakichemka kwa povu, kamba zikavutwa na kulegezwa, chombo kikaanza kuinuka polepole ukutani, ukuta uliokuwa umelowa na kuota ukoga ukapotea chini ya maji, na baada ya dakika chache maji ya chumba na maji ya mbele yakawa sawa. Hapo ndipo mabawa yale, ambayo nguvu za watu mia zisingeyafungua kabla ya dakika hiyo, yanapofunguka kwa kusukumwa. Katika ngazi kama ya Fonserannes, mlango wa juu wa chumba kimoja ndio mlango wa chini wa chumba kifuatacho. Basi maji yaliyomwagwa na chumba cha juu hayana budi kupokewa na cha chini yake, na chumba kikijengwa kidogo kuliko jirani yake, maji yatafurika kando, na kikijengwa kikubwa, chombo kitakwama. Mjenzi wa lango moja aweza kukosea kidogo akasamehewa. Mjenzi wa ngazi hana msamaha huo.

Umbo la yai, ambalo ni alama ya malango ya mfereji huu, lilitokana na msiba. Malango ya mwanzo yalijengwa kwa kuta zilizonyooka, na katika mojawapo udongo wa nyuma uliusukuma ukuta hata ukabomoka. Riquet na mafundi wake wakaamua kuzipinda kuta, kwa kuwa tao la ukuta hupokea mzigo wa udongo na kuugawa katika mawe yote, kama daraja lililolazwa ubavuni. Faida ya ukuta uliopindwa ni nguvu. Hasara yake ni kwamba chombo hakina ubavu ulionyooka wa kuegemea, na maji yanapoingia kwa ghadhabu nahodha huona chombo chake kikizungukazunguka katikati ya chumba. Tangu karne ya 17 hata leo mabaharia wamelalamika, na tangu wakati huo kuta zimesimama.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa wengi. Wakati wa pirikapirika kubwa walifika watu 12,000, wanaume kwa wanawake, wakigawanywa vikundi vikundi chini ya manokoa wao. Na Riquet, aliyejua kwamba wakulima wangemkimbia wakati wa mavuno, aliwapa ujira uliokuwa mzuri kwa zama zile, livre 10, fedha ya Ufaransa ya siku hizo, kwa mwezi, pasipo kuwakata kwa siku za mvua, za sikukuu au za maradhi. Mabwana wa mashamba walinung'unika kuwa anawaharibia vibarua. Yeye hakuwafanyia watu wale sadaka, bali alifanya hisabu. Walakini hisabu iliyomwezesha kibarua kulala mgonjwa na akalipwa haikuwa ya kawaida katika Ulaya ya siku hizo, wala haikuwa ya kawaida kwa muda mrefu baadaye.

Mfereji ukafika mashariki, na katika nchi iliyo karibu na Béziers ukakutana na kilima cha Ensérune. Palikuwa na shauri jepesi zaidi la kufuata bonde la mto Aude na kupita Narbonne, na watu wa Narbonne walilitaka sana. Riquet akachagua kwenda Béziers, mji wake. Basi kilima kikawa hakina budi kutobolewa. Mwamba wake ulikuwa laini, wenye mchanga, ukimomonyoka kila ulipopigwa sururu, na wapinzani wa Riquet, ambao hawakuwa wachache katika baraza ya waziri, waliona kuwa sasa mwisho wake umefika. Naye katika 1679 akaendelea kuchimba, na njia ya Malpas, yenye urefu wa kiasi cha mita 165, ikatokea upande wa pili. Ndiyo ya kwanza katika Ulaya iliyotobolewa mlimani kwa ajili ya vyombo vya mfereji. Chini yake, katika kilima kicho hicho, ulikuwako tayari mtaro wa chini kwa chini uliochimbwa katika karne ya 13 ili kulikausha ziwa la Montady. Na katika karne ya 19 reli nayo ikaja kutoboa njia yake huko huko, hata kilima kimoja kikabeba njia tatu za zama tatu, moja juu ya nyingine.

Ushindi wa Malpas ndio uliozaa ngazi ya Fonserannes. Kwa kukitoboa kilima badala ya kukizunguka kwa kushuka na kupanda, mfereji ukapata mwendo wa kilomita 54 pasipo lango hata moja, kutoka Argens hata ukingo wa bonde la Orb. Hapana mahali pengine katika kilomita zake 240 ambapo nahodha husafiri kwa raha ya muda mrefu kama huo. Lakini raha hiyo ilikuwa ya mkopo. Mfereji uliobaki juu kwa kilomita zote hizo ulitokea ghafula juu ya bonde, mto Orb ukionekana chini kabisa na mji wa Béziers ng'ambo, na kila shibiri ambayo haikushukwa njiani ikadaiwa pale, siku moja, katika mteremko mmoja.

Kazi ya kulilipa deni hilo walipewa ndugu wawili, Michel na Pierre Medailhes, ambao taarikhi inatuambia kuwa hawakujua kusoma wala kuandika. Na sehemu kubwa ya vibarua wao walikuwa wanawake. Mtu na alitafakari jambo hili. Mteremko wa Fonserannes haukunyooka wala haukushuka kwa kipimo kimoja, na wajenzi walitakiwa waufuate kama Mungu alivyouumba, huku vyumba vyote vinane vikibaki vimelingana maji yake, kila mlango ukikaa katika kimo chake, na pasiwepo chumba kinachomdhulumu jirani yake. Kazi hiyo leo ingefanywa kwa karatasi nyingi za hisabu. Wao waliifanya kwa kamba, kwa timazi, kwa kumimina maji na kuyatazama yanaelekea wapi, na kwa ilimu ya mikono iliyorithiwa na watu ambao vizazi kwa vizazi walikuwa wakielekeza vijito katika mashamba na vinu vyao. Wako wanataarikhi wa zama zetu waliodai kwamba wanawake walioshuka kutoka upande wa milima ya Pyrénées, ambako mitaro ya maji ilikuwa kazi ya kila siku ya vijiji, walileta katika mfereji huu maarifa ambayo wahandisi wa mfalme hawakuwa nayo. Iwe hivyo au isiwe hivyo, jambo moja ni dhahiri: kwamba waandishi wa serikali walijaza madaftari kwa majina ya mabwana waliokagua kazi ile, na majina ya wanawake walioyabeba mawe yake hayakuandikwa.

Riquet hakuiona ikikamilika. Alikuwa ametia mali yake katika mfereji, na ya jamaa zake pia; inakadiriwa kuwa kati ya livre zaidi ya milioni 15 zilizotumika, kiasi cha sehemu moja katika tano ilitoka mkononi mwake, na zilizobaki zilitoka kwa mfalme na kwa baraza la jimbo la Languedoc. Colbert, aliyemwamini mwanzo, akaanza kumshuku mwisho, akidhani kwamba mtu aliyezoea kukusanya kodi ya chumvi hawezi kukosa njia ya kujilipa mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1680 Riquet alifariki dunia katika mji wa Toulouse, mfereji ukiwa umebakiza sehemu ndogo tu kulifikia ziwa la Thau, lililo mwisho wake. Wanawe, Jean-Mathias na Pierre-Paul, walirithi fahari na deni kwa pamoja: deni la takribani livre milioni mbili, ambalo iliwapasa wauze hisa za mfereji ili walipunguze, wala ukoo wao haukuanza kuona faida ya kazi ya baba yao mpaka mwaka 1724, alipokuwa ameshalala kaburini miaka 44.

Mei 1681 mfereji ulifunguliwa. Wakaguzi, wakiongozwa na d'Aguesseau, mwakilishi wa mfalme katika Languedoc, walikuwa wamekwisha kuupita kwanza ukiwa mkavu, wakitazama kila ukuta na kila mlango, kisha maji yakafunguliwa. Na msafara wa vyombo, wenye wakuu wa dini na wakuu wa serikali, ukaondoka Toulouse kuelekea bahari, ukipokewa kwa shangwe mji hata mji. Katika Fonserannes vyombo vile viliteremka chumba baada ya chumba mbele ya watu wa Béziers, ambao mwenzao aliyeianzisha kazi ile hakuwapo kuipokea shangwe yao.

Kwa karne moja na nusu iliyofuata ngazi ilifanya kazi yake. Ngano ya nchi ya Lauragais ilishuka kwenda miji ya pwani, mvinyo na chumvi vikapanda. Farasi na nyumbu walikokota vyombo kwa kamba ndefu wakitembea kandokando. Na mashua za abiria na barua zilifanya safari ya Toulouse hata Agde kwa siku nne hivi. Palipokuwa na malango ya mfululizo, abiria walizoea kushuka na mizigo yao, wakatembea kwa miguu, na kupanda mashua nyingine iliyowangoja upande wa pili, ili wakati usipotee wala maji yasitumike bure. Katika 1787 Thomas Jefferson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani na ambaye wakati ule alikuwa balozi wa nchi yake Ufaransa, aliusafiri mfereji huu kutoka baharini hata Toulouse akiwa amekaa ndani ya gari lake la farasi, lililoondolewa magurudumu na kuwekwa juu ya mashua. Na aliyatazama malango yake kwa makini ya mtu ambaye nchi yake changa ilikuwa bado haijachimba mifereji yake mikubwa. Miaka michache baadaye mapinduzi ya Ufaransa yaliubadili mfereji jina, ukaacha kuitwa wa mfalme ukaitwa Canal du Midi, yaani mfereji wa kusini, na sehemu ya milki ya warithi wa Riquet ikachukuliwa na serikali.

Lakini kulikuwa na deni moja ambalo Riquet aliliacha pasipo kulipa. Chombo kilichokwisha kuteremka vyumba vyote vya Fonserannes kilijikuta katika mto Orb wenyewe, nacho kilitakiwa kiufuate na kuuvuka kabla ya kuupata tena mfereji upande wa pili. Wakati wa kiangazi mto ulikuwa haba, ikabidi maji yazuiwe kwa boma ili pawe na kina. Wakati wa mvua ulikuwa mkali, ukaleta mchanga na magogo, na manahodha wakangoja siku nyingi wakiitazama ng'ambo iliyo karibu nao. Sébastien Vauban, mhandisi mkuu wa mfalme aliyeukagua mfereji katika 1686, alitambua kuwa adui wake mkubwa ni vijito na mito inayouingia na kuujaza matope, na kwa shauri lake yakajengwa madaraja mengi madogo ya kuvipitisha vijito hivyo chini ya mfereji. Mto Orb ulikuwa mkubwa mno kwa dawa hiyo. Ulingoja mpaka katikati ya karne ya 19, lilipojengwa daraja la mawe lenye matao saba, linalobeba mfereji mzima juu ya mto, hata leo mtu aweza kuona mashua ikielea angani na mto ukipita chini yake. Daraja hilo lilifunguliwa katika 1858. Vyombo vilivyolivuka viliingia katika ngazi kwa ubavuni, kwenye chumba cha saba, na kwa hiyo wakati wa kupanda vilibakiwa na vyumba sita na kimo cha mita 13 na kitu. Sehemu ya chini ya ngazi, ile iliyoshuka mpaka mtoni, ikaachwa bila kazi.

Kwa ajabu ya mambo ya dunia, mwaka ule ule ambao deni la mto Orb lilimalizika kulipwa ndio mwaka mfereji ulipokodishwa kwa mpinzani wake. Reli kutoka Bordeaux hata bandari ya Sète ilikuwa imekwisha kukamilika mwaka uliotangulia, na serikali ikaukodisha mfereji kwa kampuni yenyewe ya reli kwa muda wa miaka 40. Haikuhitajiwa hikima kubwa kujua matokeo yake: mwenye garimoshi akipewa na mashua pia, ataipandisha nauli ya mashua. Mkataba ulipokwisha mwishoni mwa karne ile serikali iliuchukua mfereji mkononi mwake, lakini biashara iliyokwisha kuhamia relini haikurudi yote. Isitoshe, mifereji mingine ya Ufaransa ilikuwa imekwisha kurefushiwa malango yake ipokee vyombo vya zaidi ya mita 38, ilhali chumba cha Riquet kilikuwa cha kiasi cha mita 30. Tishali kubwa lililotoka kaskazini likawa haliwezi kuingia.

Katika miaka ya 1980 palifanywa jaribio la mwisho la kulifuta deni la kimo pasipo kulilipa kwa mtindo wa kale. Kando ya ngazi ilijengwa njia ya zege iliyoinama, na juu yake ukawekwa mtambo mkubwa wa magurudumu, ambao kazi yake ilikuwa kulisukuma donge la maji likapanda mteremko pamoja na chombo kinachoelea ndani yake. Shauri lilikuwa la kijasiri, na mahali pengine, huko Montech, mtambo wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kufanya kazi. Hapa ulipatwa na ajali na hitilafu tangu mwanzo, ukasimama miaka, ukatengenezwa, ukasimama tena, na mwaka 2001 ukaachwa kabisa. Tena ulikuwa umechelewa, maana matishali makubwa ambayo ulijengwa kuyangoja yalikuwa yamekwisha kuhamia barabarani kwa sura ya malori. Leo mtambo huo umelala pale pale kando ya vyumba vya ndugu Medailhes, na vyumba ndivyo vinavyofanya kazi.

Mwaka 1996 mfereji wote uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Fonserannes imekuwa mojawapo ya mahali panapozuriwa sana na wageni kusini mwa Ufaransa. Vyombo vya siku hizi ni mashua za matembezi. Huteremka kwa zamu na kupanda kwa zamu, kwa kuwa ngazi haina nafasi ya vyombo viwili kupishana, na watu husimama ukingoni wakiwatazama manahodha wasio wazoefu wakihangaika na kamba katika vyumba visivyo na ukuta ulionyooka. Kutoka juu ya ngazi mji wa Béziers huonekana wote na kanisa lake kuu. Na katika mji huo, tangu 1838, imesimama sanamu ya Riquet iliyochongwa na David d'Angers. Michel na Pierre Medailhes hawana sanamu kama hiyo, na wale wanawake hawana hata majina.

Basi mtu akiuliza ni nani aliyeulipia mfereji ule, ataonyeshwa hati za mfalme, za baraza la Languedoc na za ukoo wa Riquet, nazo ni za kweli. Lakini hisabu yake haijafungwa. Tangu 2006 miti iitwayo miplatani, iliyopandwa kandokando ya mfereji katika karne ya 19 ili itie kivuli na kuzishika kingo, imeshikwa na ugonjwa wa ukungu usio na dawa, ambao inaaminika uliingia Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndani ya mbao za masanduku ya risasi yaliyoletwa na majeshi ya Marekani. Makumi ya maelfu ya miti yamekatwa na kuchomwa moto, na mingine ya aina mbalimbali inapandwa mahali pake kwa gharama kubwa. Kila anayelipa kodi Ufaransa leo anachangia kingo zilizochimbwa na vibarua wa livre 10, na anachangia kwa haki, maana maji bado yanapita juu ya jasho lao na watu bado wanafurahia. Alichokirithi Mfaransa wa leo kwa Riquet ndicho walichokirithi wanawe wawili, fahari na deni kwa pamoja, na aipendaye fahari hana ruhusa ya kulikataa deni.